Miksa Aliyoikataa Kaka

Nilikuwa na mashine mbili za kuchagua, na pesa za marehemu mfukoni. Tangu hapo nimenunua vitu vingi vya kijinga kwa pesa zangu mwenyewe na sikuvijutia hata wiki. Miksa ile bado inaninyima usingizi.

Miaka ile biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye mdomo alikwenda Kibaigwa kujiita dalali. Kaka yangu naye alikwenda. Nyumbani kwetu Kikuyu, mjini Dodoma, tulikuwa tunapiga muziki pamoja: yeye anaimba, mimi nahangaika na nyaya. Tulikosa miksa tu, ile meza ya vitufe na vitelezi inayochanganya sauti. Kaka alitaka mpya, yenye taa, ya kupigia harusini ili itulishe. Mimi nilitaka ya kutengenezea dub, yaani rege iliyovuliwa nguo: unamwondoa mwimbaji, unabakiza ngoma na besi, kisha mwimbaji anarudi vipande vipande kwa mwangwi.

"Nani atakulipa umwondoe mwimbaji?" aliniuliza, akacheka mpaka akakohoa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho, naye alikuwa na haraka ya kuwahi lori.

Lori lilipinduka. Pesa zilizokutwa kwenye soksi yake zilikuwa za miksa, nyumba nzima ilijua. Hakukupigwa muziki kwetu mpaka arobaini ilipopita. Hata redio ilifunikwa kanga. Siku iliyofuata mama alinitilia zile pesa mkononi.

"Kanunue hicho kitu chenu, baba," alisema. "Halafu nataka kumsikia."

Alijua kaseti yenye sauti yake ilikuwa moja tu. Tulirekodi sebuleni, sauti ya kaka upande wa kushoto, gitaa na ngoma upande wa kulia, ili siku tukipata miksa tuweze kuvitenganisha. Kazi yenyewe ilikuwa mbovu. Mlango ulikuwa wazi, upepo wa kiangazi ukiingia na vumbi lake, na mwanzoni kabisa kaka anasikika akipaza sauti: "Mama, funga mlango, tunarekodi!" Mama alikuwa uani akitwanga, hakusikia. Upepo ule umo kwenye wimbo mzima.

Nilianzia kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka karibu na soko. Alikuwa na miksa mpya kabisa, bado ina nailoni yake.

"Imetoka Dubai hii, kijana," alisema. "Tazama taa."

Nilizitazama. Niliunganisha kisanduku changu cha mwangwi, nikatia kaseti ya majaribio. Taa zilicheza vizuri sana, lakini nikishusha sauti, mwangwi nao ulikosa chakula na kufa. Kwa harusi isingekuwa na neno. Ilikuwa ndiyo hasa aliyoitaka kaka, na bei yake ililingana na pesa za soksi. Nilimwambia mzee nitarudi. Bila shaka alikuwa ameambiwa hivyo na nusu ya mji, akaizima bila kinyongo.

Ya pili ilikuwa kwenye stoo ya shirika moja la umma lililokuwa linafungwa, viti na mafaili na mapazia yake yakiuzwa kwa mafungu. Mtunza stoo alibaki peke yake humo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Shika vizuri, bado ni mali ya serikali mpaka ulipie."

Miksa yenyewe ilikuwa ya kijivu, nzito, nyigu wamejenga ndani ya tundu moja. Vitelezi viwili vilikwaruza. Lakini chini ya kila kitelezi palikuwa na kitufe ambacho kule dukani hakikuwepo: ukikibonyeza, unaweza kushusha sauti mpaka mwisho na mwangwi ukaendelea kuisikia. Mtu anatoka, mwangwi wake unabaki unaongea. Nilitaka kuhakikisha, nikaunganisha kisanduku changu cha mwangwi, nikapapasa mfuko, nikakuta kaseti ya majaribio nimeisahau kwa yule mzee. Nilikuwa na ya kaka tu.

Sikuwa nimemsikia tangu tumzike. Alitoka kwenye spika ndogo ya stoo, mzima kabisa, akilalamika juu ya mlango. Nilibonyeza kitufe, nikashusha kitelezi chake taratibu. Akaondoka. Mwangwi ukabaki ukizunguka kati ya makabati matupu, nami nikakaa juu ya furushi la mapazia.

"Anaimba vizuri huyo," alisema mtunza stoo. "Yuko wapi?"

"Kibaigwa," nikajibu.

Nililipa palepale, kabla akili haijanirudia. Nilikuwa nimemnunulia marehemu kitu alichokikataa, kwa pesa zake mwenyewe, na uongo juu. Njiani nilimwomba radhi kwa sauti, mkokoteni ukigonga mawe, na mwenye mkokoteni akadhani naongea naye.

Mama alikuwa sebuleni na ungo wa mtama, anachagua mawe. Mchana ule kulikuwa na joto na mlango ulikuwa wazi kama siku zote. Ningempigia wimbo kama ulivyo, basi, mambo yangeisha. Lakini nilitaka aone kwamba pesa hazikupotea, kwamba nilichagua sawa. Nikabonyeza kitufe, nikamshusha kaka mpaka chini, nikawasha kaseti.

"Mama... mama... funga mlango... mlango..."

Ilitoka mbali, kama mtu aliye nje barabarani. Nilijivunia kwa muda mfupi sana. Mama aliweka ungo chini, akainuka, akaenda kufunga mlango na kutia komeo. Alibaki pale akiwa amenipa mgongo.

"Mwambie nimefunga," alisema.

Nilizima mwangwi, nikapandisha kitelezi cha kaka mpaka juu, akaimba kama alivyokuwa akiimba, karibu, na pua yake ya mafua. Nyuma yake upepo ulikuwa unavuma. Mama aliusikiliza kidogo, kisha akashika komeo na kulisukuma tena.