Singe Yenye Meno ya Msumeno

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, pale Kadutu, Bukavu, miaka ile Wabelgiji wangali wakitutawala, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya ndizi.

Baba yetu alibeba mizigo ya askari wa Wabelgiji katika vita vya kwanza. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Wajerumani walipokimbia, aliokota ndani ya handaki lao singe, kile kisu kirefu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki. Mgongoni ilikuwa na meno ya msumeno, ya kukatia miti. Kwetu ikawa ya kuchinjia ng'ombe wa sikukuu, na anayeishika ndiye anayegawa nyama kwa ukoo mzima. Mimi ni kifungua mimba. Lakini baba alipozeeka alimpa nani? Mdogo wangu, Kosima!

Niamini, wivu ulinila hata usingizi ukanikimbia. Noeli ile Kosima alikata mifupa kwa yale meno, wanawake wakipiga vigelegele, kisha akanipa mbavu mbili. Mbavu mbili, kama mgeni! Na huku anatabasamu. Nilimchukia.

Jumapili moja alipokwenda misa, nikaiiba ile singe. Nilikuwa fundi wa chuma, nina kibanda changu na tupa zangu za kukwangulia chuma, nikataka kuchonga jina langu kwenye mpini. Mara mvua ikaanza kumwagika, na mzungu mmoja akaingia. Nguo zake za kiaskari zilijaa tope, lakini tope limekauka. Katika mvua ile! Kisha akanivulia kofia. Mzungu gani wa wakati ule aliyemvulia mtu mweusi kofia?

"Bwana fundi," akasema kwa Kiswahili cha pwani, "nakuomba uyaondoe hayo meno kwa tupa. Wakinikamata nayo hawatanifanya mateka. Watanikata nayo."

Baadaye mzee aliyepigana vita vile aliniambia ni kweli: askari wengi wa Wajerumani waliyaondoa meno wenyewe, maana waliokutwa nayo waliuawa vibaya. Siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba meno ndiyo sifa yote ya singe, na sifa hiyo niliitaka.

"Hapana, bwana," nikasema. "Meno iko muzuri vile iko."

Akainyooshea kidole. "Basi singe hii ni yako?"

Asubuhi ile ningeapa mbele ya padri kwamba ni yangu. Lakini nilitazama lile tope kavu, nikaelewa kwamba atakayekubali ni yake ndiye atakayelipa.

"Ni ya mudogo yangu, Kosima."

Akasema asante, akavaa kofia, akatoka akielekea nyumbani kwa Kosima. Ningeweza kukimbia nikamwonye ndugu yangu? Ningeweza. Nilikaa.

Jioni ile Kosima alianguka mlangoni pake. Begani palikuwa na alama ndogo zilizopangana mstari mmoja, na mkono wa kulia ukakauka taratibu. Madaktari hawakuona ugonjwa. Singe niliirudisha kwa siri, lakini siku moja akaja nayo mwenyewe, ameikumbatia kwa mkono wa kushoto.

"Yaya, kamata wewe," akasema, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Mukono yangu haiwezi tena. Baba alinipatiaka sababu wewe ulikuwa na kazi ya mikono, mimi sikukuwa na kitu. Nilikuwa nasikia haya mbele yako."

Nikaipokea. Ungefanya nini? Sasa nyama ya ukoo naigawa mimi, na wanawake wananipigia vigelegele. Usiku bega la kulia linaniuma, lakini mkono wangu ni mzima.

Wewe unayenisikiliza, kama una wivu na ndugu yako, mwendee leo, mtukane usoni, mpigane hata ngumi, kisha muyamalize. Mimi wangu niliuficha. Na Kosima anawaambia watoto wake wafuate mfano wangu, kwa sababu, anasema, hakuna mtu aliyempenda kuliko mimi.