Niliulizwa Kama Jina Lifichwe, Nikakataa

Kosa ni langu. Nalisema mapema asije mtu akanitetea. Mimi ni bibi wa watu huku Maswa, nimesoma darasa la nne la zamani, na mdomo wangu umemvunjia mjukuu wangu ndoa.

Huyo binti nimemlea tangu mama yake afariki. Ana kifafa. Akimeza vidonge vizuri, hakimshiki. Siri hiyo tulikuwa nayo watatu: mimi, yeye, na wifi yangu jirani. Mchumba alikuwa hajaambiwa. Binti alisema, "Bibi, niachie. Nitamwambia mwenyewe." Kwetu ukoo huchunguzwa kabla ya ndoa, na ugonjwa huo ukisikika, ng'ombe wa mahari hugeuziwa njiani.

Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Pamba inanunuliwa na makampuni, na dawa anauza yeyote mwenye chumba cha mbele. Nikanunua vidonge kwenye duka jipya kule Somanda, Bariadi. Mjukuu akameza, akaanguka mara mbili, ya pili akaangukia moto. Mkono ukaungua! Kuangalia kopo, tarehe ya mwisho wa dawa imekwanguliwa kwa wembe.

Nikapanda basi, nikaenda kwenye ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Karani, mama mtu mzima, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "malalamiko haya tunayaweka kwenye mtandao, watu wote wayasome. Tufiche jina?"

"Nifiche kwani nimeiba? Shauri lisilo na mwenyewe ni umbea. Andika jina langu, andika na kijiji. Andika na la mjukuu, si ndiye mgonjwa!"

"Mwenyewe amekubali?"

"Mjukuu ni wangu."

Akaniangalia. Nikasaini. Kumbe mimi nilidhani huo mtandao ni kama ubao wa matangazo wa kata, mvua ikinyesha karatasi inachakaa!

Haikupita miezi mitatu, upande wa kijana wakatuma ujumbe: wamesikia kuna kifafa, ng'ombe hawaji.

Nikajua ni wifi. Nani mwingine? Tangu lini anaosha vyombo vyake karibu na uzio wangu? Mbona siku ile nilipopita yeye na wenzake walinyamaza? Hata salamu yake nikaanza kuipima. Nikamfuata shambani, wanawake wamejaa wanapalilia pamba, nikamwita mchawi wa maneno. Mbele ya watu!

Akaweka jembe chini. "Twende kwa hao wakwe. Wanitaje mbele yako."

Tukaenda. Baba mdogo wa kijana akatupokea vizuri, "Mwadila, mayu," akatupa viti. Nikamwambia, "Mtaje aliyekuletea habari, huyu hapa asikie."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyochapwa kwenye duka la kompyuta mjini. "Unajua kusoma, mayu? Soma."

Nikasoma jina langu. Kijiji changu. Jina la mjukuu wangu, ugonjwa wake, mara ngapi ameanguka, na mkono ulioungua ni upi. Maneno yangu yale yale!

Wifi akavuta kanga yake. "Mdomo wangu mrefu, wifi, lakini kwenye kompyuta haujafika."

Nilimwomba msamaha pale pale, na shambani tena, mbele ya wale wale. Amenisamehe kwa kichwa. Kwa moyo bado.

Nikarudi kwa yule karani. Akaifuta habari hiyo, lakini akaniambia ukweli: waliokwisha kuichukua wanayo. Duka lilipewa onyo, likapaka mlango rangi mpya, linauza.

Mjukuu hakulia. Afadhali angelia! Aliniuliza tu, "Bibi, ulisema kwa kunifikiria mimi, au ili uonekane huogopi?"

Yuko Mwandoya kwa shangazi yake sasa. Dawa ananunua wapi, haniambii, na sina haki ya kuuliza.

Ninyi mnaosoma, daini haki yenu, msinyamaze. Lakini karani akishika kalamu, mwulizeni: hii itasomwa na nani, na itafutika lini? Msiniige mimi niliyejibu kwa kiburi. Jina langu lilikuwa langu, ningeweza kulitangaza hata sokoni. Ule ugonjwa haukuwa wangu. Jina la mjukuu sijaliandika hapa. Lilikwisha kuandikwa vya kutosha.