Dada wa Mpanda Joka

Mdogo wangu aliporudi likizo kijijini kwetu Heru Juu alikuja na riwaya ndani ya simu, ya Kiingereza, ya wasichana na wavulana wanaopanda majoka yenye mabawa na kupendana hukohuko juu. Alikuwa amekwisha kuisoma chuoni na rafiki yake wa Kibondo anayelala naye chumba kimoja. Habari za rafiki huyo zilinichosha. Hapa rafiki alicheka, hapa rafiki alilia. Na mdogo wangu alimwita dada.

Katika nyumba yetu dada ni mimi. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, huyu mdogo wangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Aliyembeba ni mimi.

"Nisomee na mimi," nilimwambia. Tulikuwa tunamenya mihogo ya kuloweka.

"Ni ndefu, dada. Halafu Kiingereza."

"Mihogo nayo ni mingi."

Basi akawa anasoma kimya kidogo, kisha ananisimulia, visu vikiendelea. Ikawa ndiyo kazi yetu kila alasiri.

Maoni yangu juu ya kitabu hicho ninayo. Pale joka linapochagua mpandaji wake nilipapenda sana. Linawapita wenye misuli wote, linakwenda kusimama mbele ya msichana mwembamba ambaye hakuna aliyemtarajia. Hapo niliweka kisu chini. Kijana anayempenda huyo msichana sikumpenda. Amenuna tangu mwanzo. Anamwokoa, halafu anamfokea kwa sababu amemwokoa. Kila mtu anaona wanapendana isipokuwa wao wawili. Huku kwetu angeshaambiwa alete mshenga au aende zake.

"Hapa nitaruka," mdogo wangu alisema siku moja.

"Unaruka nini?"

"Wanapendana tu."

"Nimekuogesha mimi. Soma."

Akasimulia harakaharaka, uso ameuelekeza kwenye karai la maganda.

Lakini aliyenishika hasa ni dada mkubwa wa msichana huyo. Mwanzoni kabisa anavua viatu vyake vya ngozi, anamvisha mdogo wake, anamfungia kamba zake, anabaki getini. Baada ya hapo ni majoka, vita na mapenzi, na yeye hayupo. Kila siku niliuliza, "Dada mtu yuko wapi?"

"Bado, dada. Subiri."

Ilinichoma. Mwenzake anaruka juu ya mawingu kwa viatu vya kupewa, hatazami hata chini. Nilimwonea wivu msichana wa kwenye simu kama vile ni jirani yangu.

Likizo ilipokaribia kwisha, dada mtu akarudi. Alipanda mlima kwa miguu mpaka kambi ya wapanda majoka, kikapu kichwani, ndani yake makopa aliyoyaanika mwenyewe. Akamkalisha mdogo wake, akamvua viatu, akaona malengelenge, akamkanda kwa maji ya moto. Mdogo wangu alisimulia hayo polepole, macho kwenye simu. Nilishangaa kidogo kwamba hata katika nchi ya majoka watu huloweka mihogo na kuianika, ila nikaona hakuna ajabu, nao lazima wale. Siku hiyo nikasema kitabu ni kizuri.

Rafiki akaja kutoka Kibondo, alale kwetu, kesho yake waende chuoni pamoja. Wakati wa kula walikuwa wanacheka, mmoja akianza sentensi ya Kiingereza mwingine anaimaliza. Mimi nilikuwa napakua maharage. Nikaona niingie na mimi.

"Mimi nilipenda pale dada mtu anapokuja na kikapu."

"Dada yupi?" mgeni akauliza.

"Huyo wa viatu."

"Yule harudi, dada. Anaishia palepale getini." Akamgeukia mwenzake. "Au mimi niliruka?"

Mdogo wangu alikuwa anafinyanga tonge ambalo lilikuwa limekwisha kuwa duara. Masikio yamemwiva. Nikamtazama, na makopa yale nikayajua ni ya wapi.

"Alikuja na kikapu," nikasema. "Alimkanda miguu."

"Mbona mimi sikupasoma?"

"Hapo si pako," mdogo wangu akamjibu, akatia tonge mdomoni.

Mgeni akacheka, akidhani ni utani, akaomba maharage. Nikampakulia mengi.

Asubuhi niliwafungia unga wa muhogo kwenye mfuko. Walipanda bodaboda moja, mgeni katikati, mdogo wangu nyuma amemshika kiunoni, tayari wanaongea Kiingereza chao, na wivu ukanirudia kama nilivyouacha. Kitabu kizima wanacho wao. Nilisimama barabarani mpaka walipofika kwenye kona. Hapo mdogo wangu akageuka, akanyanyua mguu mmoja hewani, akanionyesha kiatu.