Moto wa Makebuko

Kila asubuhi Bulonza, mchuuzi wa maziwa kutoka Kivu, humkuta mfugaji mmoja wa Makebuko, Burundi, ameshazama hadi viwiko katika mavi ya ng'ombe wake wawili. Mama huyo huyakoroga kwa maji ndani ya pipa, akiokota kila jani na kijiti, mpaka yalainike kama uji wa mgonjwa, ndipo huyamimina kwenye mtambo wa biogesi. Kisha hupiga magoti, akalaza sikio juu ya mfuniko wa saruji na kufumba macho, akisikiliza yanavyochemka huko chini. Ukimsalimu wakati huo, hajibu. Bulonza amejifunza kungoja na bidoni lake la maziwa kama yuko kanisani.

Majirani husema anatafuta mbolea, wengine, sifa. Juzi Bulonza alishindwa kuvumilia.

"Mama, juu ya nini unajitesa na hii mavi kila siku?"

"Ingia uone," alijibu, akinawa mikono.

Jikoni aliwasha kiberiti, akafungua bomba lililotoka kwenye mtambo, na moto wa buluu ukaruka, bila kuni, bila moshi. Bulonza alirudi nyuma, mkono kifuani. Kando ya jiko alikaa bikizee, mama mzazi wa mfugaji, ambaye moshi wa kuni ulikuwa umemkohoza na kumfukuza jikoni kwa miaka minane, akawa anakula peke yake uani.

"Mama, maharage yameiva?" mfugaji alimuuliza sufuria ilipoanza kutokota.

Bikizee akainamia sufuria, akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, wala hakukohoa.

"Bado," alisema. "Ongeza kitunguu."