Ufunguo wa Lango la Maji

Shamba letu la Mata liko kati ya mifereji miwili inayokutana kule chini, kwa hivyo nyumbani tunaliita kisiwa. Baba alipofariki, baba mdogo akatia ua wa miiba katikati. Lango la maji likabaki upande wake, kidaraja cha kwenda barabarani kikabaki upande wa mama. Yeye akifunga maji, migomba ya mama inakauka. Mama akifunga kidaraja, ndizi za baba mdogo zinaozea shambani. Na walifungiana kweli, jamani!

Chifu akawapatanisha, wakapeana mikono. Haikufika Jumapili, maji yakakatwa tena. Nilitoka kwangu Voi mbio, nimefura, nataka kortini tu. Mama akaniambia ninyamaze. Akasimama penye ua, akaita, "Shemeji, maneno yako nimeshayasikia. Sasa nipe kitu cha kushika."

"Na mimi je, nishike nini?" akauliza baba mdogo.

Hapo ndipo walipoanza kuongea. Bati la kuzuia maji pale langoni lingefungwa juu kwa kufuli, lisiweze kushushwa, na ufunguo ukae kwa mama. Zamu ya baba mdogo ya kumwagilia ikifika, aje auombe ndipo alishushe. Geti la kidaraja nalo lingetiwa kufuli likiwa wazi, ufunguo wake ukae kwa baba mdogo. Lakini alitaka pia ule mstari wa migomba ya katikati, ambayo mama aliipanda kwa mikono yake. Mama akampa. Wacha nichemke!

"Mama, umeitupa haki yako hivyo hivyo?"

"Migomba nitapanda mingine," akasema. "Maji nitayapanda wapi?"

Mwanzoni baba mdogo alisimama kwake akipiga kelele arushiwe ufunguo. Mama akakataa katakata: azunguke, aje mlangoni kama mtu. Akawa anakuja, uso ameukunja. Baadaye akawa anakaa kidogo. Miiba ikapata upenyo pale alipozoea kupita, na hakuna aliyeuziba.

Juzi nilienda kunawa miguu mferejini nikaona bati limefungwa kwa kamba ya mgomba. Kufuli halipo! Nikarudi nikihema kumwambia mama.

"Lilivunjika kitambo," akasema, wala hakushtuka. "Kaa chini."

Nikamuuliza kama baba mdogo anajua. Kabla hajajibu, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi, shemeji. Nimefuata ufunguo."

"Karibu," mama akasema. Chai ya shemeji yake ilikuwa imeshamiminwa.