Damu ya Kuazima

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi tu, mwenye kibanda cha baiskeli kando ya ukuta wa shule, mtu wa masihara anayeziba tyubu huku akibishana na wateja watatu kwa mpigo. Aliyekuwa na jina ni mdogo wake. Huyo alicheza mpira, winga wa kulia, na mashabiki walimpachika Radi kwa sababu ya mbio zake. Baba yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemsaidia mama yao kumlea, akamnunulia viatu vya kwanza vya mpira na kuvumilia majigambo yake yote. Walifanana sura mpaka masikio, ila Fundi alikuwa ameanza kuota kitambi.

Msimu ulipokaribia, Radi alikuja kibandani amevaa miwani ya jua.

"Kaka, nina shida ndogo. Daktari wa timu anataka tupime damu. Ini, sukari, wingi wa damu, makorokoro yote hayo."

"Si ukapime? Au unaogopa sindano, mwanamume mzima?"

Radi alicheka, kisha akashusha sauti. Kuna jamaa kule gym alikuwa akimchoma dawa za kutunisha misuli, na majibu ya ini yangemuumbua. "Nimeshaacha, haki ya Mungu. Lakini bado zimo mwilini. Nenda wewe maabara, useme ni mimi. Pale hawamjui mtu sura."

Fundi hakulipenda jambo hilo, lakini huyu ni mdogo wake wa tumbo moja. Akaenda. Alikaa kwenye benchi la maabara, harufu ya spiriti ikimkaba, na binti mwenye koti jeupe alipoita jina la Radi, yeye ndiye aliyeitika. Alikunja mkono wa shati huku akijisikia kama mtu aliyevaa chupi ya mwenzake.

Radi alipita msimu huo bila tatizo. Kwa shukrani akaleta kreti ya soda kibandani, na ilipokwisha akaleta nyingine. Wakati mwingine alikaa juu ya tairi kuukuu, akimtazama kaka yake akizigida moja baada ya nyingine, kwa maana siku hizo Fundi alikuwa na kiu isiyokatika. Usiku haja ndogo haikumwacha alale. Mkewe, mshonaji wa nguo, akamtania: "Kibofu chako kimetoboka, baba. Kitie kiraka mwenyewe, ufundi si unao?"

Halafu Fundi akakanyaga spoki. Ilimchoma chini ya kidole gumba cha mguu, akaitoa, akapaka spiriti, akaendelea na kazi. Kidonda hakikufunga. Kilianza kutoa maji, kisha usaha, kisha harufu ambayo wateja waliisikia wakajitia hamnazo. Siku moja mkewe alimvua soksi, akaziba pua kwa mtandio, akamburuta hospitali bila kumsikiliza.

Muuguzi alimtoboa kidole, akakitazama kimashine chake, akamtoboa kidole kingine.

"Baba, unatumia dawa gani ya sukari?"

"Sukari? Mimi naitia kwenye chai tu."

Hakuna aliyecheka. Walimlaza, wakakata nyama iliyooza, na kile kidole gumba nacho kikaenda.

Mkewe akampigia Radi simu kando ya kitanda, sauti ikiwa wazi ili mgonjwa naye asikie.

"Shemeji, kaka yako amelazwa. Sukari imempanda vibaya mno."

"Imefika ngapi?"

Akamtajia.

"Loo! Mbona kwenye vile vipimo vyangu haikuwa juu hivyo?"

Radi akakata simu. Fundi alikuwa amelala chali akitazama dari yenye madoa ya maji ya mvua, na maneno yale yakamwingia taratibu, kama baridi.

Radi alifika jioni na mfuko wa matunda.

"Ulijua," Fundi alisema.

"Majibu yalionyesha sukari, daktari wa timu akaniita. Akanitoboa kidole palepale, yangu ikawa sawa. Akasema maabara wamekosea. Nikashukuru Mungu."

"Ukashukuru Mungu?"

"Sasa ningefanyaje, kaka? Wewe mdomo wako unaujua. Ungekimbilia hospitali, ungesema ulipimwa wapi, kwa jina la nani. Nilitaka msimu uishe kwanza."

"Ukaniletea soda."

Radi alikuna shingo. Kisha, mtu huyo aliyelelewa kwa jasho la kibandani, akamgeukia shemeji yake kwa sauti laini: "Na vipimo vya msimu mpya ndio vimekaribia. Eti shemeji, yule kaka yako mwashi, yeye hana magonjwa, au?"

Fundi alitaka kutukana lakini kilichotoka si tusi. Alitapika ndani ya beseni, akatapika mpaka nyongo. Mkewe aliuokota ule mfuko wa matunda, akamsukumia Radi kifuani, akamtoa hadi korido.

Mguu ulipopata nafuu, Fundi alikwenda na fimbo mpaka ofisi ya daktari wa timu. "Ile damu ya mwaka jana," alisema, "ilikuwa yangu." Daktari alimtazama mguu, akamtazama uso, akavua miwani. Wiki hiyohiyo akamtoa Radi damu kwa mkono wake mwenyewe. Ini lilikuwa limechakaa. Wakamsimamisha na kumwanzishia matibabu, na huenda ndiyo yaliyomwokoa, ingawa yeye hakuona hivyo.

Mama yao hakuona hivyo pia. "Umemwaga unga wa mdogo wako," alimwambia Fundi kwenye simu, na kwa muda mrefu hakumpigia tena.

Mwishowe mama huyohuyo ndiye aliyewaita wote wawili nyumbani kwake. Radi alikuwa amekonda, macho ya njano kidogo, mabega yamemwanguka. Alisimama katikati ya sebule, akasema, "Nisamehe, kaka," akanyoosha mkono. Huruma ilimgusa Fundi, hilo hakulikataa. Lakini chini yake kinyaa kilikuwa palepale, kizito kama mafuta machafu ya cheni. Mama alikuwa akiwatazama kutoka kwenye kiti chake.

Fundi akampa mkono. Wakakaa, wakaulizana habari za kazi, wakala. Mama akachangamka, akaanza kusimulia mambo ya zamani. Ni mkewe peke yake aliyeona kwamba, kabla ya kugusa chakula, Fundi alitoka nje hadi bombani, akaomba sabuni ya kufulia, akausugua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

"Mbona umekawia hivyo?" alimnong'oneza aliporudi.

"Grisi," alisema Fundi. Siku hiyo kibanda hakikuwa kimefunguliwa.