Makosa ya Athanas

Mama Leonia wa Uru ana steshenari ndogo karibu na kanisa, na kwa miaka kumi na saba ndiye anayechapa historia za marehemu wa kijiji kizima. Ukifa Uru, utapita kwa padri na utapita kwa Leonia. Juzi alinipigia simu mimi, fundi kompyuta na mzaliwa wa hapohapo, nipande kutoka Njoro mjini. Kompyuta yake imekuwa nzito kiasi kwamba anaiwasha, anakwenda kumkatia ng'ombe majani, anarudi, bado haijawaka. Wateja walishaanza kumkimbia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii ikifa, na mimi nafunga duka."

Diski ilikuwa imejaa pomoni. Nilifuta takataka za kawaida, programu zisizo na mwenyewe, na kadi za harusi ambazo ndoa zenyewe zimeshavunjika. Haikusaidia. Ndipo nikakuta folda moja iliyokalia zaidi ya nusu ya diski, yenye video mia nne na kitu. Nikafungua ya kwanza.

Akatokea mzee Athanas, mumewe, kwenye kiti hichohicho nilichokalia, akisoma historia ya mtu. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wetu misibani, na sauti yake haikuhitaji spika. Tulilokuwa hatulijui ni kwamba jioni kabla ya kila maziko alikuwa akijirekodi hapo dukani. Akikosea anakatisha, anaanza upya. Akishapatia, anarudia tena mara tatu nne kwa raha tu ya kujisikia. Alifariki mwaka juzi, na historia yake ilisomwa na mtu mwingine, vibaya mno. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Nilimweleza Mama Leonia bila kuzunguka kwamba video hizo ndizo zinazoilemea mashine. Nikampa ushauri wa kifundi: tubakize zile alizosoma vizuri, moja kwa kila marehemu, na za kukosea tuzifute zote.

Nikamfungulia moja ya kukosea, aone ninachosema.

"Marehemu ameacha wajukuu kumi na wanne," Athanas akasoma.

Sauti ya mwanamke ikamkatiza kutoka nyuma ya kamera. "Kumi na sita, wewe! Umeshawaua wawili."

Athanas akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa. "Basi wafufue, Leonia, halafu uniletee na chai."

Mama Leonia alivuta stuli akaketi, machozi yakimtoka. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye begi, maana nilimkumbuka mzee yule kuliko nilivyotegemea.

"Zile nzuri," akasema, "futa zote."

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza kumfafanulia upya, polepole, kwa ile sauti yetu mafundi ya kumwona mteja mzito.

"Nimekusikia baba. Zile nzuri Uru nzima ilizisikia. Hizi za kukosea tulikuwa mimi na yeye tu."

Nikafuta nzuri zote. Zilikuwa ndefu na nyingi, kazi ikachukua muda. Za kukosea nikazinakili pia kwenye flashi yangu, nikamwachia. Kompyuta nilipoiwasha tena ilifunguka upesi, nikamgeukia nikitegemea sifa. Hata hakuiangalia kasi yake. Aliniomba nirudishe ile ya wajukuu, na Athanas alipofika kwenye kumi na wanne, yeye, palepale kwenye stuli, akamsahihisha tena.